Mkono Ni Shahidi: Kugusa Katika Ulimwengu wa Mfano



Labda mmekwisha kuona, mjini ao katika picha, mtu aliyevaa miwani mizito yenye kumfunika macho yote mawili. Anapapasa hewa, anainama kana kwamba kuna mlango mfupi mbele yake, anaruka nyuma bila sababu. Wenzake wanamcheka. Lakini yeye haoni chumba alimo. Anaona mahali pengine palipochorwa na ordinateri, ile mashini ambayo ndugu zetu wa Tanzania huiita kompyuta. Akigeuza kichwa, picha nayo inageuka kwa kadiri ileile, hata anadhani amesimama mle ndani. Wenye kuandika Kiswahili cha siku hizi hukiita kitu hiki uhalisia pepe. Sisi hapa tutasema ulimwengu wa mfano, kwani ndiyo kazi yake: kufananisha.

Basi, macho yamepata sehemu yao, na masikio vilevile. Je, mkono? Mtu yule akinyosha mkono ashike kikombe anachokiona, atashika nini? Atashika hewa. Swali hili laonekana kuwa dogo. Lakini wataalamu wamelishughulikia zaidi ya miaka 50, na majibu yao yatufundisha jambo kubwa juu ya mwili wa mtu, na juu ya namna mtu anavyosadiki kwamba kitu kipo kweli.

I. Kugusa si jambo moja

Katika filozofia tumejifunza habari za hisi tano. Aristoteli alifundisha kwamba mnyama aweza kuishi bila kuona na bila kusikia, lakini akikosa kugusa hawezi kuishi kabisa. Mtakatifu Toma wa Akwino, katika Summa, sehemu ya kwanza, alifuata njia hiyo: kugusa ndiko msingi wa hisi zote nyingine. Kuona kuna nyumba yake katika jicho, kusikia katika sikio. Lakini kugusa kumeenea mwili mzima. Ngozi ya mtu mzima ikitandazwa chini, yapata karibu metre 2 za mraba.

Tena kugusa si jambo moja. Ndani ya ngozi mna viungo vidogo sana vya namna mbalimbali, kila kimoja na kazi yake. Vingine vyasikia mgandamizo unaodumu, vingine vyasikia ngozi ikivutwa, vingine vyasikia mtetemeko. Vile vinavyoitwa kwa jina la Mwitalia Pacini vyasikia hasa mtetemeko wa mara 200 mpaka 300 kwa segonde moja. Vingine vyapokea moto na baridi. Mwaka 2021 David Julius na Ardem Patapoutian, wafanyao kazi Marekani, walipewa tuzo la Nobel kwa kuvumbua milango midogo ya mwilini ambayo kwayo moto, baridi na mgandamizo hugeuka kuwa habari inayopita katika mishipa ya fahamu. Juu ya hayo kuna misuli na maungo yenyewe, ambayo hutuambia mkono uko wapi na unabeba uzito gani, hata tukifumba macho.

Neno lingine la kukumbuka: mkono haukai tu kungojea habari, huenda kuitafuta. Mwaka 1987 Susan Lederman na Roberta Klatzky walionyesha kwamba mkono una mwendo wake kwa kila swali. Tazameni mama sokoni. Akitaka kujua kama kikwembe ni laini, anakisugua kati ya vidole. Akitaka kujua kama avoka imeiva, anaibonyeza. Akitaka kujua kama kuku ana nyama, anamnyanyua na kumpimapima mkononi. Jioni nyumbani, akitaka kujua kama mtoto ana homa, anaweka mkono juu ya paji la uso na kuutuliza. Hakufundishwa hayo na mtu. Mkono wenyewe wajua kuuliza.

Basi mashini inayotaka kuushawishi mkono sharti ijibu kila swali kwa jibu lake: ukisugua, iseme laini ao yenye mikwaruzo, ukibonyeza, iseme gumu, ukinyanyua, iseme zito. Hakuna mashini ya leo inayoyajibu yote pamoja. Nyingi hutetemeka tu katika kiganja, kama simu iliyozimwa sauti.

II. Mashini hizi zilitoka wapi

Mwanzo wake haukuwa mchezo, na kwa upande mmoja watuhusu sisi watu wa Kongo.

Wakati wa vita kuu ya pili, sehemu kubwa ya uranyumu ambayo Waamerika walitumia katika kazi yao ya bomu la atomu ilitoka Shinkolobwe, katika Katanga. Vita ilipokwisha, maabara ya Argonne, karibu na Chicago, iliendelea na kazi za atomu. Vitu vya namna hii hutoa miale inayoua. Haiwezekani kuvishika kwa vidole. Basi Raymond Goertz na wenzake walitengeneza mikono ya chuma. Fundi alisimama nyuma ya ukuta mnene na kushika mkono mmoja. Mkono wa pili, upande wa ndani, ulifuata kila alilolifanya. Mwaka 1954 walikwisha kuwa na mikono iendeshwayo kwa umeme. Na jambo kubwa ni hili: mkono wa ndani ulipogonga kitu, mkono wa fundi nao ulizuiliwa. Habari ya kugusa ilirudi kwake. Bila hiyo, fundi angevunja chupa na asijue ameibana mno.

Mwaka 1965 Mwamerika Ivan Sutherland aliandika juu ya chumba cha kuwaziwa ambamo ordinateri ingetawala vitu vyenyewe, hata kiti cha mle ndani kingeweza kukaliwa. Mwaka 1968 yeye na wanafunzi wake walionyesha chombo cha kuvaa kichwani, kilichoning'inizwa darini. Chombo hicho kilitoa picha. Kiti cha kukalia hakikupatikana.

Mwenzake Frederick Brooks, wa Universite ya North Carolina, alianza mwaka 1967 kuitafuta njia ya mkono. Alichukua mikono ileile ya Argonne. Lakini badala ya mkono wa pili aliweka ordinateri. Sasa hakukuwa na kitu cha kweli upande wa pili wa ukuta, ila hesabu tu. Ordinateri ilipiga hesabu: kama kitu hiki kingekuwapo, kingesukuma kwa nguvu gani? Kisha moteri zikasukuma mkono wa mtu kwa nguvu hiyo. Mwaka 1990 Brooks na wenzake walitangaza namna wanakemia walivyotumia mashini hii kutafuta mahali ambapo chembe ya dawa yaweza kukaa katika chembe kubwa ya mwili. Waliisikia ikivutwa hapa, ikisukumwa pale, kama mtu anayejaribu ufunguo katika kufuli gizani.

Mwaka 1994 Thomas Massie na Kenneth Salisbury, wa chuo cha MIT, walitangaza mashini ndogo ya kuweka juu ya meza. Mtu huingiza ncha ya kidole katika kifuniko kidogo, kama kile avaacho fundi wa kushona asichomwe na sindano. Akisukuma kidole hewani, moteri hukizuia mahali ambapo ordinateri imeweka ukuta. Hapa twaona shida ya kazi hii. Macho huridhika yakipata picha 90 kwa segonde moja, hata chini ya hapo. Lakini ukuta wa kugusa, ili uwe mgumu kweli, yapasa nguvu yake ipigiwe hesabu kama mara 1.000 kwa segonde. Ikichelewa, ukuta unalegea kama ugali ao unatetemeka. Jicho husamehe, kidole hakisamehe.

Kuna shida nyingine. Wengine wametengeneza glovu zenye kuzuia vidole. Ukishika kikombe cha mfano, vidole vyasimama mahali pake: vema. Lakini ukiweka mkono juu ya meza ya mfano na kuegemea, mkono wote unapita chini, maana glovu imefungwa kwako wewe mwenyewe, haikufungwa ukutani wala ardhini. Kitu kisichosimama juu ya ardhi hakiwezi kukutegemeza.

III. Ubao wa sentimetre 4

Mtu aweza kusema: Kama ni hivi, basi tungoje mpaka mashini zikamilike, kwa sasa kugusa hakuna faida. La, sivyo. Sikilizeni jaribio hili.

Katika Universite ileile ya North Carolina, karibu na mwaka 2000, walitengeneza chumba cha mfano chenye shimo katikati. Mtu aliyevaa miwani aliona sakafu imekatika mbele yake, na chini, kama metre 6, chumba kingine na viti vyake. Kila mtu aliambiwa wazi kwamba hakuna shimo. Kila mtu alijua amesimama juu ya sakafu ya laboratwari. Walakini walipopima mapigo ya moyo, moyo ulikwenda mbio.

Kisha Brent Insko aliongeza kitu kimoja tu. Aliweka sakafuni ubao wenye kimo kama sentimetre 4, mahali pale ambapo macho yaliona ukingo wa shimo. Mtu alisimama juu ya ubao, vidole vya miguu vikapita ukingo na kukosa pa kukanyaga. Hapakuwa na moteri, wala umeme, wala hesabu: ubao tu, ambao seremala yeyote wa parokia angeupata karakanani. Nao waliosimama juu ya ubao huo, moyo wao ulipiga kwa nguvu zaidi kuliko wale waliosimama penye sakafu tupu.

Fikirini. Ubao ulisema neno moja dogo: hapa pana ukingo. Haukusema shimo lina metre 6. Mwili wenyewe ulijaza yaliyobaki.

Hunter Hoffman, wa Universite ya Washington, alipata jambo la namna hii mwaka 1998. Aliwaingiza wanafunzi katika jiko la mfano. Wengine waliona sahani tu. Wengine waliiona sahani na papo hapo wakashika sahani ya kweli iliyoshikiliwa mbele yao. Kisha wote waliulizwa juu ya vitu vingine vya jikoni, ambavyo hakuna aliyevigusa. Wale walioshika sahani walidhani vitu vile navyo vitakuwa vigumu na vizito kama vya kweli. Sahani moja iliyashuhudia masufuria yote.

IV. Mashahidi wanaopatana

Kwa sababu gani ubao mmoja una nguvu namna hii? Tutaelewa tukitazama jaribio la Matthew Botvinick na Jonathan Cohen, la mwaka 1998. Mtu huketi mezani. Mkono wake wa kweli unafichwa nyuma ya kizuizi, na mbele ya macho yake unawekwa mkono wa mpira. Mtafiti anachukua brashi mbili ndogo na kupapasa mikono yote miwili, ule wa kweli na ule wa mpira, mahali pamoja na kwa wakati mmoja. Baada ya dakika chache watu wengi wanaanza kusikia kwamba mkono wa mpira ni wao. Lakini brashi moja ikichelewa, neno hilo linapungua sana. Mwaka 2008 Mel Slater na wenzake walionyesha kwamba hata mkono wa picha, katika ulimwengu wa mfano, waweza kupokewa na mwili kwa njia hiyo.

Basi sababu ni hii: mwili unafanya kama mwamuzi barazani. Shahidi mmoja akisema peke yake, mwamuzi anasitasita. Mashahidi wawili wasioishi nyumba moja wakisema neno lilelile, juu ya mahali palepale na saa ileile, anasadiki. Jicho ni shahidi mmoja, mkono ni wa pili. Nguvu ya kugusa katika ulimwengu wa mfano haitoki katika wingi wake. Yatoka katika kupatana kwake na macho.

Wala tusidhani kwamba mkono ni shahidi asiyekosa. Aristoteli alikwisha kutaja jambo ambalo kila mwana-seminari aweza kulijaribu leo. Pandisha kidole cha kati juu ya kidole cha shahada, fumba macho, kisha weka punje moja ya haragi kati ya ncha za vidole hivyo. Utasikia punje mbili. Mwaka 1964 Irvin Rock na Jack Victor waliwapa watu kipande cha mraba washike, huku wakikitazama katika kioo kilichokionyesha kuwa chembamba. Watu wengi walifuata macho, wala hawakutambua kwamba mkono ulisema mengine. Na Mfaransa Anatole Lécuyer na wenzake walionyesha mwaka 2000 kwamba macho yaweza kuuambia mkono hata ugumu wa kitu. Mtu alibonyeza chombo kisichosogea, huku akitazama springi katika kioo cha ordinateri. Springi ya picha ilipobonyea kidogo tu, alisikia springi ngumu. Ilipobonyea sana, alisikia springi laini.

V. Shahidi asemaye kupita kiasi

Yafuata kwamba kuongeza kugusa kwaweza hata kuharibu. Mwaka 2018 Christopher Berger, Mar Gonzalez-Franco na wenzao walitangaza jaribio la vishikio viwili, kimoja kwa kila mkono. Walipovitetemesha kwa ustadi, mtu alisikia kana kwamba kitu kimemgusa hewani, katikati ya mikono yake miwili, mahali ambapo hapana kitu. Ni ufundi wa ajabu. Lakini macho yasipoonyesha pale kitu cha kuleta mguso ule, watu waliona jambo lote limekuwa baya kuliko mtetemeko wa kawaida. Walipoonyeshwa kitu chenye kuugusa mwanya ule, uzuri ulirudi. Mguso mwingi usio na sababu ya kuonekana ulikuwa kama shahidi anayesema mengi kuliko aliyoyaona: anapoteza hata yale ya kweli.

Waganga nao wanalijua jambo hili kwa upande wao. Roboti ya upasuaji iitwayo da Vinci iliruhusiwa Marekani mwaka 2000. Kwa miaka mingi mganga aliyeiendesha aliona vizuri sana ndani ya mwili wa mgonjwa, lakini vidole vyake havikusikia nguvu ya kuvuta. Ilimpasa ajifunze kusoma kwa macho: uzi ukinyoka hivi, nyama ikibadilika rangi hivi, basi punguza. Mwaka 2024 ndipo ilipotoka da Vinci yenye vyombo vinavyorudisha nguvu hiyo mkononi. Anayemfundisha mwanafunzi wa uganga kwa mashini ya mfano hana budi kuliangalia neno hili. Mashini ikimzoesha ugumu wa uongo, mkono utachukua uongo ule mpaka lopitalo, na atakayelipa ni mgonjwa.

Lakini kugusa kukiwekwa vema kwaweza kuponya. Mwaka 1997 Hoffman na wenzake walieleza habari za mwanamke aliyeogopa buibui kwa miaka mingi, hata maisha yake yakavurugika. Katika ulimwengu wa mfano alimkaribia buibui wa picha polepole, na baadaye mkono wake ulipomgusa buibui yule, ulishika kweli mdudu wa kuchezea mwenye manyoya. Baada ya vipindi 12 vya saa moja hofu yake ilikuwa imepungua sana. Kichezeo cha mtoto kilitosha, kwa kuwa kilikuwa mahali pake, kwa saa yake.

VI. Tushike nini?

Kwanza, tutofautishe hisi na hukumu ya akili. Wale waliosimama juu ya ubao hawakupotea katika akili. Waliendelea kujua hakuna shimo. Walakini moyo ulipiga, magoti yalilegea. Kijana akija kwetu akisema, «Nimeona, nimegusa, mwili wangu wote ulisadiki,» tusimcheke, wala tusimwambie amesema uongo. Mwili wake ulisadiki kweli. Tumsaidie kuuliza swali la pili, ambalo mwili hauwezi kulijibu peke yake: ni nani aliyewapanga mashahidi hawa wapatane, na kwa nia gani?

Pili, tusiudharau mwili. Wapo wanaodhani kwamba mtu ni akili iliyotiwa ndani ya chombo, na kwamba picha nzuri na sauti nzuri zatosha kumfikisha mahali. Watu wa mashini wenyewe wameona sivyo. Wamekusanya picha na sauti za kila namna, kisha wamelazimika kurudi kutafuta ubao chini ya mguu. Walimu wa zamani waliokiita kugusa msingi wa hisi hawakusema bure.

Tatu, neno kwa sisi tunaotumwa kwa watu. Baraza la Papa la Mawasiliano, katika waraka wake wa mwaka 2002 juu ya Kanisa na intaneti, lilisema wazi kwamba hakuna sakramenti katika intaneti, wala ulimwengu wa mfano hauwezi kushika nafasi ya Ekaristi na ya jamaa ya watu waliokusanyika kwa mwili. Tukiyajua haya yote juu ya mkono, twaelewa vizuri zaidi kwa nini sivyo katazo tu. Katika glovu, moteri hukizuia kidole changu kwa hesabu. Hakuna mwingine anayesikia kwamba nimemgusa. Lakini padri akimpaka mgonjwa mafuta, ao katekista akimshika mkono mzee asiyeona na kumwongoza mpaka kitini, kugusa kunakwenda pande mbili: anayegusa naye ameguswa. Mashini yaweza kuupatanisha mkono na jicho la mtu mmoja. Yule mzee ajua ni nani aliyemshika, naye katekista ajua kama mkono wa mzee unatetemeka.